Mti wa Makaburini Usikatwe kwa Malipo ya Magogo

Katika miji mingi ya Tanzania na Kenya, mti mkubwa unapokauka au kuinamia makaburi, utaratibu unaofuata huwa ni ule ule. Kamati ya makaburi, iwe ya msikiti, ya parokia au ya mtaa, hukutana, hukumbushana kwamba mfuko hauna fedha, kisha humtafuta mtu mwenye msumeno wa mnyororo na kukubaliana naye kwamba ataukata mti huo bila kulipwa, ila magogo yatakuwa yake. Makubaliano hayo huonekana kuwa nafuu kwa pande zote mbili, kwa kuwa kamati huondokewa na hatari bila kutoa hata shilingi moja, na mkataji hupata mbao, kuni au mkaa. Hoja yangu ni kwamba makubaliano hayo huleta madhara makubwa makaburini kuliko uzembe wa mkataji au ukubwa wa mti wenyewe, kwa sababu yanampa mkataji kila sababu ya kufanya kinyume cha kile ambacho makaburi yanahitaji.

Thamani ya gogo iko katika urefu na unyoofu wake. Anayepasua mbao anataka shina lisilokatwa ovyo, na hata anayechoma mkaa hupendelea mti uangushwe mzima ili aukate kwa urahisi ukiwa umelala chini. Makaburi, kwa upande wake, yanataka mti ushushwe kuanzia kileleni, tawi baada ya tawi na kipande baada ya kipande, kila kimoja kikifungwa kamba na kuteremshwa taratibu hadi kwenye njia. Mtu anayelipwa kwa magogo anapoambiwa akate shina la mwembe katika vipande vya nusu mita, anaombwa aharibu ujira wake kwa mikono yake mwenyewe. Atakubali mbele ya kamati, na pengine atakata matawi machache ya juu kama alivyoagizwa, lakini jua likishapanda na wasimamizi wakishaondoka ataangusha shina lote kwa mara moja, akitumaini litalala kwenye kijia chenye upana wa mita moja kati ya safu mbili za makaburi.

Tumaini hilo halina msingi. Mkataji mwenye ujuzi huacha ukanda mwembamba wa mti usiokatwa kati ya mkato wa mbele na mkato wa nyuma, ili ukanda huo ufanye kazi ya bawaba na kuuongoza mti unapoanguka. Mti uliooza moyo hauna kitu cha kufanyia bawaba, na miti inayoitiwa wakataji makaburini mara nyingi ndiyo hiyo iliyooza. Mbuyu una shida hiyo hata ukiwa mzima, kwa sababu mwili wake ni laini, wenye nyuzinyuzi na maji mengi, kiasi kwamba mara nyingi humeguka na kuporomoka pasipo kufuata upande uliopangwa. Mwaka 2018 watafiti walichapisha taarifa kwamba kati ya mibuyu 13 mikongwe kuliko yote waliyoichunguza barani Afrika, 9 ilikuwa imekufa au sehemu zake kongwe zilikuwa zimeporomoka ndani ya kipindi cha miaka kumi na kitu tu. Anayeishi pwani, ambako mibuyu na makaburi ya zamani vimekaa pamoja kwa karne nyingi, ana sababu ya kuitafakari taarifa hiyo.

Ni vyema pia tukumbushane uzito wa kitu tunachokizungumzia. Mti mbichi wa aina nyingi una uzito unaokaribia ule wa maji, yaani karibu tani 1 kwa kila mita ya ujazo. Kipande cha shina chenye kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa mita 1 tu huwa na uzito wa takriban kilo 280, na kikianguka kutoka mita 10 hufika chini kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Kaburi lililojengwa kwa matofali na kufunikwa terazo au vigae halikujengwa kupokea pigo la namna hiyo. Jiwe la kichwani lililosimamishwa kwa saruji bila nondo halihitaji hata gogo, kwa maana tawi la kilo 30 likiligusa kwa ubavu hulibwaga, nalo likilala juu ya kaburi la jirani huwa tayari familia mbili zimeumizwa.

Kamba yenyewe ina hatari yake. Kipande kikianguka kidogo kabla ya kamba kukaza, huivuta kwa nguvu inayozidi uzito wake mara kadhaa, na nguvu hiyo yote hubebwa na tawi ambalo kamba imepitishwa, aghalabu tawi la mti ule ule ambao mkataji amejifunga juu yake. Kamba ya kufungia mizigo inayouzwa sokoni haikutengenezwa kwa mvuto wa ghafla kiasi hicho. Wapo pia wanaotafuta mahali pa kuifunga wakaona nguzo ya kaburi au uzio wa chuma uliochimbiwa pembeni mwake, na kwa kitendo hicho kimoja huhamishia pigo la gogo kwenye kaburi ambalo halikuwa hata karibu na mti.

Njia iliyozoeleka zaidi, ile ya kuweka vijana kumi wavute kamba huku mkataji akimalizia mkato wa nyuma, ina mashaka yake hata shambani. Kamba lazima iwe ndefu kuliko kimo cha mti, la sivyo wavutaji wote wanakuwa ndani ya eneo la anguko. Mti unapoanza kwenda, mvutaji anatakiwa kuondoka haraka huku akitazama juu, na nyuma yake kuna kingo za makaburi, misalaba ya chuma, nondo zilizochomoza na vyuma vya uzio. Mtu anaweza kuvunjika mguu au kuchomwa na ncha ya chuma bila kuguswa na jani moja la mti ule.

Ardhi ya makaburini nayo haiaminiki, na jambo hili ndilo ambalo mkataji aliyezoea mashamba na viwanja vya nyumba hana habari nalo. Katika maziko ya Kiislamu ya pwani, maiti hulazwa ndani ya mwanandani, yaani shimo dogo lililochimbwa ndani ya kaburi, na kufunikwa kwa viunza, yaani mbao, kabla ya udongo kurudishwa. Viunza huoza, na udongo wa juu hushuka polepole au huachia siku moja kwa ghafla. Katika makaburi ya Kikristo jeneza nalo huoza na kubonyea, lakini kwa kuwa juu yake mara nyingi pamemwagwa zege, bonde halionekani. Zege hilo huonekana kuwa imara kuliko udongo unaolizunguka, ndiyo maana wafanyakazi husimama juu yake na kuegemeza ngazi hapo, kumbe chini huenda pana uwazi na zege linashikiliwa na kingo tu. Winchi inapoletwa hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu miguu yake ya pembeni hukusanya tani kadhaa kwenye vibao vidogo, na mguu mmoja ukizama mashine nzima huinama pamoja na mzigo wake. Tena katika makaburi yaliyotumika kwa vizazi kadhaa, nafasi inayoonekana tupu kati ya makaburi mawili mara nyingi ni kaburi la tatu ambalo kibao chake kimeoza. Kaburi la tuta la udongo na mawe mawili, la kichwani na la miguuni, haligharimu fedha nyingi kulirudishia, lakini lori likishapita juu yake na mawe yakasukumwa pembeni, familia hupoteza mahali pa kumzuru mzee wao.

Mti wa makaburini, aghalabu, hudhoofishwa na makaburi yenyewe miaka mingi kabla ya mkataji kuitwa. Sehemu kubwa ya mizizi ya mti imo ndani ya mita 1 ya juu ya ardhi na hutambaa mbali kuliko kivuli cha matawi yake. Kaburi la futi 6 huipita kina hicho chote, na mchimbaji akikutana na mzizi mnene huukata kwa shoka kwa sababu unamzuia na jeneza liko njiani. Kaburi moja halitauangusha mti. Shida ni kwamba katika makaburi yaliyobanana, kama yalivyo ya Kinondoni jijini Dar es Salaam au ya Lang'ata jijini Nairobi, kila nafasi iliyobaki hutafutwa, na mti uliozungukwa na makaburi pande tatu unaweza kuwa umepoteza karibu kila mzizi uliokuwa ukiushikilia pande hizo. Majani yake yataendelea kuwa ya kijani, kwa maana mizizi michache inatosha kuulisha, na mtu wa chini atauona kuwa mzima. Anayeupanda ndiye atakayegundua, pale anapopunguza matawi ya upande mmoja, uzito ukahamia upande usio na kitu cha kuushikilia, na shina zima likaanza kwenda naye akiwa amejifunga kwalo.

Masika humaliza kilichoanzishwa na jembe. Udongo ukishiba maji kati ya Machi na Mei, mizizi iliyobaki hukosa mshiko, na upepo usio mkubwa unatosha. Kimbunga Hidaya kilichofika pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024 kilituonyesha kwamba hata upepo mkubwa si jambo la kuachiwa nchi za mbali.

Mti ukianguka pamoja na mizizi, gharama yake haihesabiki kwa vigae. Huko New Haven, jimboni Connecticut, Marekani, mwaloni uliopandwa mwaka 1909 kuadhimisha miaka mia moja ya kuzaliwa kwa Abraham Lincoln uling'olewa na dhoruba ya Sandy mwezi Oktoba 2012, na ndani ya mizizi yake ikaonekana mifupa ya binadamu, kwa kuwa uwanja huo wa mji ulikuwa zamani ni mahali pa kuzikia. Mizizi huizingira mifupa na kuishika, na mzizi unapoinuliwa, mfupa nao huinuka. Kwa sababu hiyo naliona agizo la kung'oa kisiki kwa tingatinga, ambalo kamati hulitoa ili nafasi ipatikane kwa makaburi mapya, kuwa kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii. Kisiki kikatwe usawa wa ardhi kisha kiachwe kioze chenyewe. Nafasi ya kaburi moja au mawili itakayopatikana haiwezi kulinganishwa na aibu ya kuinua mabaki ya watu waliozikwa kwa heshima na jamaa zao, na ikitokea hivyo kazi itasimama, viongozi wa dini na wa serikali wataitwa, na maziko yatafanywa upya.

Haya hayamaanishi kwamba kila mti uachwe. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, sehemu za magofu ya miji ya kale katika pwani ya Tanzania zilizoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981 na kukaa katika orodha ya urithi ulio hatarini kati ya 2004 na 2014, zinaonyesha ugumu wa uamuzi huu. Mimea iliyoota kwenye kingo za Kilwa hupunguza kasi ya maji ya mvua kumomonyoa ardhi, na mimea hiyo hiyo hupasua kuta kwa mizizi yake. Ukiung'oa mzizi uliopenya katikati ya mawe, mara nyingi ukuta hufuatana nao, na ukiuacha ukinenepa ukuta hupasuka kwa muda wake. Makaburi ya nguzo ya Kunduchi na ya Kaole karibu na Bagamoyo yamo katika hali kama hiyo, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda majengo ya kabla ya mwaka 1863, hivyo kamati ya mtaa haina mamlaka ya kumpa mtu msumeno mahali kama hapo. Katika makaburi ya kawaida uamuzi ni mwepesi zaidi, lakini kanuni yake ni ile ile, kwamba mtu auangalie mti na kilicho chini yake kwa pamoja kabla ya kusema ukatwe, upunguzwe au uachwe.

Hatari mbili nyingine nitazitaja kwa ufupi kwa kuwa haziko makaburini peke yake. Waya za umeme za kilovolti 11 au 33 mara nyingi hupita kando ya ukuta wa makaburi, na tawi bichi linalozigusa humuua mtu aliyelishika, kwa hiyo kazi hiyo haianzi kabla ya shirika la umeme kuuzima. Nyuki nao hupenda mashina yenye mapango yasiyosumbuliwa na watu. Mngurumo na mtikisiko wa msumeno huwachokoza, na mtu aliyejifunga mitini kwa mkanda hawezi kuwakimbia, wala waombolezaji walio kwenye maziko upande wa pili hawawezi kuwakimbia. Mrina asali aitwe siku kadhaa kabla, afanye kazi yake usiku.

Ipo sababu inayoifanya miti ya makaburini icheleweshwe hadi iwe hatari, nayo inastahili kuzungumzwa kwa adabu. Watu wengi huamini kwamba mti wa makaburini haukatwi, ama kwa sababu mbuyu una wenyewe, ama kwa sababu mti ulipandwa kuwa alama ya kaburi la mtu, ama kwa sababu tu ya haya mbele ya wafu. Sioni haja ya kuwakejeli. Hofu hiyo imelinda miti mingi ambayo isingekuwapo leo, na mti uliopandwa kichwani mwa kaburi kweli ni alama ambayo ikiondolewa bila kuwekwa nyingine kaburi hupotea. Lakini hofu hiyo hiyo huwazuia watu hata kukata tawi moja kavu, na tawi lisilokatwa leo kwa kazi ya saa moja huwa, miaka kumi baadaye, mti uliooza ambao hakuna fundi mwenye busara anayetaka kuupanda. Wazee na mashehe wa mahali wakishirikishwa mapema, kabla msumeno haujawashwa, mara nyingi huwa ndio wanaoiondoa hofu hiyo.

Uharibifu ukitokea, swali la nani alipe ndilo linalofichua ubovu wa makubaliano ya magogo. Kanuni za adhabu za Tanzania na Kenya humwadhibu anayeingia makaburini kwa nia ya kuumiza hisia za watu au kuitusi dini yao, na mkataji aliyeangusha tawi kwa bahati mbaya hana nia hiyo. Kinachobaki ni madai ya fidia, na mkataji hana mali, hana bima ya dhima, na mara nyingi hana hata mkataba wa maandishi. Akiumia yeye mwenyewe hali ni ngumu zaidi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa Tanzania, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, na sheria ya Kenya ya fidia kwa majeraha ya kazini ya mwaka 2007, vyote vinamtazama mfanyakazi mwenye mwajiri. Aliyepewa mti ili ajilipe kwa magogo atahesabiwa kuwa alikuwa kwenye biashara yake. Kwa hiyo jamaa za marehemu huambiwa wavumilie, na mke wa mkataji aliyevunjika mgongo huambiwa hivyo hivyo. Wakati mwingine mwenye kaburi lililovunjwa yuko Muscat au London na hupata habari kwa picha kwenye simu, na jiwe alilolileta kutoka mbali halina mfano wake hapa.

Najua jibu la wajumbe wa kamati, kwamba fedha hazipo. Jibu hilo ni la kweli, ila haliyatetei makubaliano ya magogo, kwa sababu magogo ni fedha, na tatizo liko katika kumpa fedha hiyo mtu ambaye anaipata zaidi kadiri anavyokata vibaya. Kamati inaweza kuyauza magogo, vyovyote yalivyo mafupi, kwa mnunuzi mwingine baada ya mti kushushwa, na kumlipa mkataji ujira uliopatanwa mapema kwa kazi ya kushusha kwa kamba. Vipande vifupi vitashusha bei ya mbao, na tofauti hiyo ndiyo gharama halisi ya kuyahifadhi makaburi, ambayo siku zote imekuwa ikilipwa na familia bila kuulizwa. Sehemu ya ujira ibaki mkononi mwa kamati hadi makaburi yaliyo chini ya mti yalinganishwe na picha zilizopigwa kabla ya kazi. Picha hizo hazigharimu kitu, nazo humlinda pia mkataji dhidi ya madai ya nyufa za zamani.

Kuhusu uchimbaji, kiwango cha Uingereza kinachotumika katika maeneo ya ujenzi, BS 5837, hukadiria eneo la mizizi la kulindwa kwa kuzidisha kipenyo cha shina mara 12, kwa hiyo mti wa sentimita 60 ungehitaji zaidi ya mita 7 kila upande. Katika makaburi yetu yaliyojaa umbali huo hauwezekani, na sitajifanya kuupendekeza. Kinachowezekana ni mchimbaji kuandika katika daftari la makaburi kila anapokata mzizi mnene kuliko mkono wake, upande gani na lini, ili anayekuja kuupanda mti huo miaka 5 baadaye ajue ni upande upi usio na mshiko. Daftari lenyewe kwa kawaida lipo, na kinachopungua humo ni safu moja tu.

Makaburi yaliyo chini ya halmashauri yana mwenyewe anayejulikana, naye ana bajeti. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 katika nchi zote mbili, na makadirio yake huandaliwa miezi mingi kabla. Ukaguzi wa miti ukifanywa Januari au Februari, kabla ya masika, orodha ya miti ya kupunguzwa na ya kushushwa inaweza kuwafikia madiwani wakati bado fungu la makaburi halijafungwa, na kamati za misikiti na parokia zilizo jirani zinaweza kuomba fundi huyo huyo mwenye vifaa na bima azihudumie kwa safari hiyo hiyo.